Mfumo wa afya unapozorota, si kila mara ni mtandao: Namna mashine pepe zinavyochunguzwa

Na Mwandishi Wetu, Mbinga

KATIKA zahanati na vituo vya afya vya Wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, siku za mwanzo wa kila mwezi ni siku za kufunga hesabu. Idadi ya wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa na wagonjwa waliotibiwa malaria hujumlishwa kutoka katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, kisha huingizwa kwenye kompyuta ili zisomwe wilayani, mkoani na wizarani.

Mfumo wa kompyuta unaopokea takwimu hizo nchini unaitwa DHIS2. Unapofanya kazi vizuri, hakuna anayeuzungumzia. Unapozorota, na duara dogo likaendelea kuzunguka kwenye kioo huku fomu haitaki kufunguka, jibu linalotolewa kuanzia milima ya Umatengo hadi fukwe za Liuli na Mbamba Bay huwa ni lilelile: mtandao unasumbua.

Wakati mwingine jibu hilo ni la kweli. Mara nyingine si la kweli, na hasara ya kulikubali bila kulihoji ni kubwa. Zahanati ambayo taarifa yake haikuingia kwa wakati huonekana huko juu kana kwamba imekaa kimya, ilhali ilikuwa na wagonjwa benchi zima. Mpango wa dawa au chanjo unaopangwa kwa takwimu pungufu huwa pungufu vilevile.

Makala haya yanaeleza mahali ambapo kasi ya mfumo wa namna hiyo hupotelea, na vyombo ambavyo wataalamu wa kompyuta wamevijenga ndani ya programu za mashine pepe ili kuipata. Vyombo hivyo vipo, vingi havinunuliwi kwa fedha, na mfumo wa umma usiokuwa navyo ni sawa na zahanati isiyokuwa na darubini: matibabu yake ni ya kubahatisha.

Visingizio vya zamani vimepungua

Miaka ya nyuma, mtumishi wa Mbinga alikuwa na sababu nyingi za haki za kuchelewesha taarifa. Umeme ulitegemea jenereta za dizeli hadi Mkoa wa Ruvuma ulipounganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia ya kutoka Makambako hadi Songea. Barabara ya kutoka Mbinga kuteremka ziwani ilikuwa ya vumbi na kona kali, na wakati wa masika ilikuwa ni safari ya kuomba Mungu.

Upande wa mawasiliano, ujenzi wa Mkongo wa Taifa ulianza mwaka 2009, mwaka huohuo ambao mkongo wa baharini wa SEACOM uliwasili Dar es Salaam. Mkongo wa Taifa ulifika Songea, na minara ya simu ikaongezeka.

Hapo ndipo hesabu ndogo inapoanza kuleta mashaka juu ya jibu la "mtandao unasumbua". Mwanga ndani ya waya wa nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Mbamba Bay hadi Dar es Salaam ni zaidi kidogo ya kilomita 1,000 kwa barabara. Safari ya kwenda na kurudi kwa waya wenye urefu huo huchukua takriban sehemu moja ya mia ya sekunde.

Hata pale ambapo hakuna waya wala mnara, na mawasiliano yakapita kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta, swali na jibu lake huchukua kiasi cha nusu sekunde. Mawasiliano hafifu huongeza kuchelewa, hasa data zinapopotea njiani na kutumwa upya. Hata hivyo, fomu inayochukua sekunde 20 kufunguka kwa mtumishi wa Liuli na pia kwa yule wa Dar es Salaam haiwezi kuelezwa kwa umbali wala kwa mnara. Kilichochelewa kimo ndani ya mashine inayojibu.

Mashine ndani ya mashine

Mashine hiyo, kwa kawaida, si kompyuta moja ya kushikika. Ni mashine pepe, na mara nyingi ni mashine pepe mbili, moja ikiwa ndani ya nyingine.

Ya kwanza ni ile inayoigawa kompyuta kubwa kuwa kompyuta nyingi ndogo za kufikirika. Wazo hilo si geni: kampuni ya IBM ya Marekani ililifanyia kazi katika miaka ya 1960 na kulitoa kama bidhaa ya kawaida kwa wateja wake mwaka 1972. Lilirudi kwa nguvu baada ya kampuni ya VMware kuanzishwa mwaka 1998, likafuatiwa na mradi wa Xen wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, uliotangazwa mwaka 2003, na baadaye KVM, iliyoingizwa ndani ya mfumo wa Linux mwaka 2007.

Mpangilio wake ni kama nyumba ya vyumba vya kupanga. Mwenye nyumba ni programu inayosimamia kompyuta nzima, na kila mpangaji ni mfumo mmoja: huyu wa afya, yule wa mishahara, mwingine wa mapato. Kila mpangaji ana mlango na ufunguo wake, na anaishi kana kwamba nyumba yote ni yake. Lakini mita ya umeme ni moja.

Mashine pepe ya pili ni ya lugha. Programu ya DHIS2 imeandikwa kwa Java, lugha iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995. Programu ya Java haizungumzi moja kwa moja na prosesa. Huzungumza na mashine pepe ya Java, ambayo ni mkalimani: husikiliza lugha moja na kuitafsiri kwa aina yoyote ya kompyuta iliyopo chini yake. Ndiyo maana programu ileile huweza kuendeshwa kwenye seva za aina mbalimbali bila kuandikwa upya.

Mkalimani huyo ana kazi nyingine isiyoonekana. Programu inapofanya kazi hutumia nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta na kuiacha imejaa vitu visivyohitajika tena. Mashine pepe ya Java hupita na kuvifagia, kazi ambayo wataalamu huiita ukusanyaji wa taka. Nafasi ikiwa ndogo kuliko kazi, ufagiaji huwa wa mara kwa mara, na katika hatua fulani wote waliomo hulazimika kusimama ili sakafu isafishwe. Mtumishi aliyepo Lituhi huona duara likizunguka.

Faida ya mashine pepe zote mbili ni kwamba humficha mtumiaji mambo ya ndani. Hiyo pia ndiyo dosari yake kubwa siku ya matatizo. Ukiwa chumbani mwako, huwezi kuona ni mpangaji gani amewasha jiko la umeme.

Somo la mtambo wa kahawa

Wilayani Mbinga, ukitaja herufi CPU kijijini, mkulima hafikirii prosesa ya kompyuta. Hufikiria mtambo wa pamoja wa kumenya kahawa mbivu. Mtambo huo unaweza kutusaidia kuelewa jambo lililo mbele yetu.

Kahawa mbivu ikifika mtamboni hupimwa, huchambuliwa, humenywa ganda, huvundikwa, huoshwa, kisha huanikwa vichanjani. Mkulima aliyepeleka kahawa yake mchana na hadi giza linaingia haijamenywa atasema mtambo ni mbovu. Huenda mtambo ni mzima kabisa, na foleni iko kwenye mizani. Huenda mizani haina tatizo, ila maji ya kuoshea yamepungua, matangi yamejaa na kazi yote ya nyuma yake imekwama.

Mwenyekiti wa kikundi akiambiwa tu kwamba "kazi inakwenda polepole", anaweza kununua injini mpya kwa fedha nyingi, na foleni isipungue hata kidogo, kwa kuwa tatizo lilikuwa maji. Njia ya busara ni kuweka daftari katika kila hatua, kuandika saa mzigo ulipoingia na saa ulipotoka. Baada ya siku mbili daftari hizo zitasema zenyewe.

Kuweka daftari hizo ndani ya programu ndiko wataalamu wanakokuita ufuatiliaji wa utendaji. Kwenda kwenye hatua iliyobainika na kufungua mashine kuona ni jino gani limevunjika ndiko kutafuta kasoro. Mambo haya mawili hufuatana. Anayeanza na la pili bila la kwanza hufungua mashine nzima akitafuta jino ambalo huenda halijavunjika.

Vizuizi visivyosimamisha magari

Kwa miaka mingi tatizo la kuweka daftari ndani ya programu lilikuwa gharama. Kila kituo cha kuandika saa huchelewesha kazi, kama kizuizi cha ushuru wa mazao barabarani. Weka vizuizi 50 kati ya Mbinga na Songea, na hakuna lori litakalofika siku hiyo. Kwa hiyo watengenezaji waliviweka wakati wa majaribio, kisha wakaviondoa kabla ya mfumo kuanza kuhudumia watu. Matatizo yalipotokea kazini, daftari hazikuwapo.

Mabadiliko makubwa yalikuja na chombo kiitwacho DTrace, kilichotengenezwa na wahandisi watatu wa Sun Microsystems, Bryan Cantrill, Mike Shapiro na Adam Leventhal, na kutolewa pamoja na mfumo wa Solaris 10 mwaka 2005. Wazo lao lilikuwa kwamba vituo viwe maelfu, lakini boma la kila kizuizi liwe limeinuliwa na kusiwe na mlinzi. Magari hupita bila kupunguza mwendo. Siku mtaalamu anapotaka kujua jambo, huteremsha boma la kituo anachokihitaji, huku mfumo ukiendelea kufanya kazi, na akimaliza hulipandisha.

Vituo vya aina hiyo viliingizwa ndani ya mashine pepe ya Java yenyewe katika toleo la 6, lililotolewa Desemba 2006. Kuanzia hapo mtaalamu aliweza kuuliza ufagiaji wa taka umeanza saa ngapi na umeisha saa ngapi, au ni uzi gani wa kazi unaomsubiri mwenzake, bila kusimamisha mfumo.

Chombo kingine kilitoka Sweden, kwa kundi lililotengeneza mashine pepe ya Java iitwayo JRockit. Kilifanana na kile kisanduku cha ndege kinachorekodi safari: kinaandika matukio wakati wote, na baada ya ajali kinafunguliwa kusomwa. Baada ya JRockit kuingia mikononi mwa kampuni ya Oracle, chombo hicho kikajulikana kama Java Flight Recorder, lakini kukitumia kwenye mifumo inayohudumia watu kulihitaji leseni ya kulipia.

Kizuizi hicho cha fedha kiliondoka Septemba 2018, chombo kilipoachiwa huru kwa wote katika toleo la 11 la Java. Mwaka 2020 kikarudishwa pia katika toleo la 8 la mradi huria wa OpenJDK, ambalo lilikuwa bado linatumika sana. Kimebuniwa ili kisile zaidi ya takriban asilimia moja ya nguvu ya mashine kwa mipangilio yake ya kawaida. Kwa ofisi ya umma yenye bajeti finyu, hiyo ni tofauti kati ya kuwa na darubini na kutokuwa nayo.

Upande wa mashine pepe zinazoigawa kompyuta, hatua zilikuwa kama hizo. Mwaka 2005 watafiti walieleza chombo cha Xenoprof cha kupima kazi za wapangaji ndani ya Xen. Mfumo wa Linux nao ulipata chombo cha perf mwaka 2009, ambacho baadaye kiliongezewa uwezo wa kupima mashine pepe za KVM, mwenye nyumba na mpangaji kwa pamoja.

Sekunde 20 zimekwenda wapi

DHIS2 yenyewe ni matunda ya kazi iliyoanzia Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1990 na inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Toleo la pili, la Java, lilianza kutumika India mwaka 2006. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa washirika wa muda mrefu wa mradi huo, na leo mfumo huo unatumika katika nchi zaidi ya 70.

Mwongozo wa wasimamizi wa mfumo huo hautaji mtandao pekee. Unaeleza namna ya kuufungulia mfumo utoe vipimo vya hali yake, ikiwamo hali ya mashine pepe ya Java, na miongoni mwa vyombo vinavyotumiwa na wasimamizi wake ni Glowroot, programu huria isiyolipiwa. Chombo hicho hupachikwa kando ya mashine pepe ya Java inapowashwa. Hakuna mstari wa DHIS2 unaobadilishwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Saa 4:10 asubuhi, mtumishi aliyepo mwambao wa ziwa anafungua fomu na kungoja sekunde 20. Msimamizi wa mfumo mwenye vyombo vilivyotajwa anafungua rekodi ya dakika hiyo na kukuta mgawanyo ufuatao: sekunde 1 njiani, sekunde 2 ombi likisubiri zamu, sekunde 3 taka zikifagiliwa, na sekunde 14 kanzidata ikitafuta jibu la swali moja.

Sasa mjadala umekwisha. Kuongeza kasi ya intaneti wilayani kungeokoa, kwa uwezekano wa juu kabisa, sekunde moja. Kazi iko kwenye lile swali la kanzidata. Huenda jedwali linalosomwa halina faharasa, na kompyuta inapekua mistari yote mmoja mmoja, kama msomaji anayetafuta neno katika kitabu kikubwa kwa kuanzia ukurasa wa kwanza. Faharasa ikiongezwa, sekunde 14 zinaweza kuwa sehemu ndogo ya sekunde.

Rekodi ingeweza pia kusema jambo tofauti. DHIS2 hutengeneza majedwali maalumu ya uchambuzi, ambayo ndiyo yanayosomwa na grafu na ripoti, na kazi hiyo nzito hupangiwa usiku. Ndiyo sababu takwimu iliyoingizwa leo huweza isionekane kwenye grafu hadi kesho, jambo ambalo watumiaji wengi hulidhania kuwa ni kasoro. Mtu akiianzisha kazi hiyo saa 4 asubuhi ya siku za mwisho za kuwasilisha taarifa, wote wanaoingiza takwimu watagombea kanzidata moja nayo.

Muda unaochukuliwa na jirani

Upo ugonjwa ambao hauonekani kabisa ukiwa ndani ya chumba cha mpangaji. Mashine pepe inaweza kuonyesha kwamba ina prosesa nne na kwamba haina kazi nyingi, huku kila kitu kikienda kwa mwendo wa kinyonga. Sababu ni kwamba mwenye nyumba amewagawia majirani muda wa prosesa halisi, na mpangaji huyu amewekwa kwenye foleni bila kuambiwa.

Linux hukionyesha kipimo hicho kwa jina lenye maana ya muda ulioibwa, iwapo programu inayosimamia kompyuta imeruhusiwa kukitoa. Kipimo hicho kikiwa kikubwa, hakuna marekebisho ya DHIS2, ya Java wala ya kanzidata yatakayosaidia. Dawa ni kuzungumza na mwenye nyumba: apunguze wapangaji au atoe chumba kikubwa zaidi.

Hapa ndipo uchunguzi wa mashine pepe zote mbili kwa pamoja unapokuwa na maana. Mtaalamu wa Java akitazama upande wake tu ataona programu inayochelewa bila sababu. Mtaalamu wa seva akitazama upande wake tu ataona kompyuta iliyojaa kazi, asijue ni ya nani. Wakilinganisha rekodi zao kwa saa ileile, ukweli hupatikana. Ni lazima tu saa za mashine hizo ziwe zinakubaliana.

Nchini Kenya, mfumo huohuo uliposambazwa nchi nzima mwaka 2011, mahali pa kuweka seva pakawa suala zito kama programu yenyewe. Miundombinu ya seva iliyokuwapo haikutosha kuhudumia wilaya zote kwa uhakika, na mfumo ukahamishiwa kwenye mashine pepe ya kukodi mtandaoni. Somo lililobaki kwa majirani ni kwamba kukodi huondoa mzigo wa kutunza kompyuta, lakini hakuondoi wajibu wa kujua kinachoendelea ndani yake.

Darubini nayo ina hatari zake

Vyombo hivi si vya kuachwa ovyo. Hatari ya kwanza ni ya kusimamisha kazi. Chombo cha kutafuta kasoro kinachomwezesha mtaalamu kuisimamisha programu kwenye mstari mmoja na kuikagua ni kizuri kwenye kompyuta ya majaribio. Kikitumiwa kwenye mfumo unaohudumia watu, mtaalamu mmoja anayetafakari huku akinywa chai huweza kuwasimamisha watumiaji wa mikoa yote.

Hatari ya pili ni ya siri za watu. Njia moja ya kuchunguza mashine pepe ya Java ni kunakili kumbukumbu yake yote kwenye faili. Taarifa za jumla za mwezi hazina majina. Lakini mifumo inayofuatilia mgonjwa mmojammoja ina majina, namba za simu na majibu ya vipimo, na vyote hivyo huingia katika nakala hiyo jinsi vilivyo.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Faili la namna hiyo likitumwa kwa barua pepe kwa mtaalamu wa nje ya nchi, hata kwa nia njema ya kupata msaada, taarifa za wagonjwa zimevuka mpaka. Wasimamizi wanapaswa kulitunza kama wanavyolitunza jalada la mgonjwa.

Hatari ya tatu ni mlango ulioachwa wazi. Desemba 2021 dunia ilitaharuki baada ya kubainika kasoro katika Log4j, programu ya Java ya kuandika daftari la matukio. Mtu wa mbali aliweza, kwa kufanya maandishi fulani yaandikwe kwenye daftari hilo, kuiamuru seva itekeleze matakwa yake. Chombo kilichowekwa ili kuona kikawa njia ya kuingilia. Fundisho lake ni kwamba vyombo hivi visasishwe, viwekewe nywila, na milango yake isifunguliwe kwa intaneti nzima.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua

Serikali ilianzisha Wakala wa Serikali Mtandao mwaka 2012, uliogeuzwa kuwa Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA) kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Mifumo ya umma imeongezeka, na halmashauri sasa zinaitegemea kwa mapato, dawa, mishahara na ardhi. Kila mmoja wa mifumo hiyo utazorota siku moja, na siku hiyo si wakati wa kuanza kutafuta daftari.

Kwa hiyo yapo maswali manne ambayo halmashauri, hospitali au chama cha ushirika kinaweza kuyauliza kabla ya kusaini mkataba wa mfumo wowote. Je, mfumo unatoa vipimo vya kila hatua ya ombi, au unasema tu kwamba upo hewani? Je, mashine pepe zinazouendesha zinarekodi matukio wakati wote, na rekodi hutunzwa kwa siku ngapi? Je, mwenye kompyuta atatupatia kipimo cha muda unaochukuliwa na majirani? Na je, ni nani mwenye ruhusa ya kusoma rekodi hizo, na siri za wananchi zimelindwaje?

Maswali hayo hayahitaji shahada ya kompyuta. Yanahitaji ujasiri wa kutoridhika na jibu la "mfumo uko chini, subirini". Vyuo vyetu navyo vina wajibu: kijana anayefundishwa kuandika programu bila kufundishwa kuipima ni kama fundi aliyefundishwa kujenga nyumba bila kufundishwa kutumia timazi.

Mtumiaji naye ana nafasi yake

Rekodi nzuri kuliko zote haina msaada iwapo msimamizi hajui aangalie dakika ipi. Hapo ndipo mtumishi wa zahanati, hata aliye mbali kabisa na seva, anakuwa sehemu ya uchunguzi.

Malalamiko kwamba "mfumo unasumbua tangu juzi" hayampi mtaalamu pa kuanzia. Taarifa yenye saa kamili, jina la fomu, aina ya kifaa, idadi ya sekunde alizongoja na iwapo jirani yake wa kituo kingine alipata hali hiyohiyo, humpeleka moja kwa moja kwenye ukurasa unaohusika. Iwapo tovuti nyingine zinafunguka vizuri kwa wakati huohuo, hilo nalo liandikwe, kwani huondoa shaka juu ya mnara.

Watumishi hao tayari wana desturi hiyo. Kila mgonjwa anayeingia huandikwa jina, tarehe, dalili na matibabu, kwa sababu mtu hatibiwi kwa kuambiwa tu kwamba anaumwa. Mfumo wa kompyuta unaobeba taarifa za mgonjwa huyo unastahili kutendewa vivyo hivyo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mashine pepe, kwa maumbile yake, ni hodari wa kuficha maradhi. Vyombo vya kuyafichua vimekwisha kutengenezwa na vinapatikana bure. Kilichobaki ni wenye mifumo kuviwasha kabla ya siku ya kufunga hesabu, na wenye kuingiza takwimu kuandika saa.